Fundi wa Uani na Maji Yaliyokuwa Yanapotea

Sijui Fundi alizaliwa wapi na sina mpango wa kuuliza. Watu wakianza kumwelezea mtu huwa wanaanzia kwa babu yake, mimi subira hiyo sina. Mimi namjua kuanzia dirishani. Chumba tulichopanga na kaka yangu pale Mchafukoge kilikuwa na dirisha moja tu, linatazama uani, na uani ndo palikuwa gereji yake. Nikifungua dirisha naona kisogo chake. Nikifunga, nasikia kikohozi chake. Tangu nasoma sekondari mpaka nimemaliza na kukaa tu kusubiri ajira, sikuwahi kupata asubuhi ambayo yeye hayumo.

Uani penyewe ni hivi. Pande tatu maghorofa yamepanda, ya nne ni nyumba yetu ya zamani, na njia ya kutokea ni uchochoro mmoja ambao gari linapita likikunja vioo. Kukishakucha, Mama Mitandio anaweka meza yake ya nguo katikati ya huo uchochoro, wenzake wanapanga za kwao nyuma yake, na mpaka wafunge jioni hakuna gari linalotoka. Mtu wa miguu anapita, tena ubavuubavu. Gari likiingia alfajiri, limeingia. Mteja asiyejua alikuwa anajifunza siku hiyohiyo, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anatazama saa.

"Fundi, nitoe basi, nina kikao."

"We si utoke? Nani kakushika? Kilichokwama gari," Fundi anamjibu bila kuinua kichwa.

Hewa ilikuwa haitoki pia. Joto linashuka kutoka kwenye mashine za AC za maghorofa, moshi unapanda kutoka chini, vinakutana dirishani kwangu. Nguo zangu zote zilinuka petroli, mpaka ya Idi. Shuleni waliniita Sheli. Nilikuwa naapa kila siku kwamba nikipata pa kwenda siwezi kukaa pale hata kwa dakika moja ya ziada. Fundi yeye alikuwa hatoki, labda akafuate dawa. Chakula analetewa, kahawa analetewa, habari za mjini anazipata kwa wateja waliokwama. Nilimuuliza siku moja kama hachoki kukaa shimoni.

"Nichoke nini? Dar nzima inakuja hapa kuniona."

Ndivyo alivyokuwa, anajisikia. Kama kuna mtu anasubiri nimweleze mzee mpole mnyenyekevu, atafute mwingine. Alikuwa anasema injini za gereji zote za mtaa wa Gerezani zikisikia jina lake zinawaka zenyewe. Akimkuta fundi mwenzake anatumia simu kusoma ugonjwa wa gari, anamwambia, "Muulize na chakula cha mchana kitakuwa nini." Halafu mwenzake akiondoka, anakuja chini ya dirisha langu kwa sauti ndogo: "Hebu niangalizie na wewe kwenye simu, hiki kitaa cha njano kwenye dashibodi maana yake nini."

Na alikuwa mwongo. Siyo wa kudhuru mtu, mwongo wa starehe. Amelala chini ya gari, simu inaita, anasema, "Nipo Jangwani hapa, maji yamejaa barabarani, nakuja." Siku hiyo jua kali mpaka bati linalia. Mimi aliniambia aliwahi kuwa golikipa wa timu kubwa. Kaka alimwambia alikuwa anacheza winga wa kushoto. Goti lake bovu, kwa Mama Mitandio ni jini, kwa Baa, bibi wa Kihindi wa ghorofa ya pili, ni ajali ya pikipiki. Umri wake nao ulikuwa unapanda na kushuka. Akitaka kupishwa kwenye foleni ya dirisha la dawa ni mzee kabisa, anatetemeka na mkono. Mama Mitandio akimwita babu, ghafla ni kijana.

"Babu nani? Mi na wewe nani mkubwa?"

"Haya, shikamoo."

"Siitikii."

"Mbona jana uliitikia?"

"Jana nilikuwa naumwa."

Ila kwenye gari alikuwa hasemi uongo. Hilo lilinichanganya miaka yote. Fundi mwingine wa mjini, hujamaliza kueleza kwenye simu ameshataja kifaa, na ana shemeji yake anauza hichohicho. Huyu unamletea gari, unamwambia linagonga, analitazama tu.

"Itakuwa nini, Fundi?"

"Sijaona."

"Kadiria basi."

"Nikukadirie wewe mke wako?"

Akiletewa kahawa wakati bado hajaona ugonjwa, anaiweka juu ya ukuta, haigusi. Anatafuta. Akishaona ndo anaichukua, na inakuwa baridi kama maji ya mtungi. Sikuwahi kumwona akinywa kahawa ya moto. Kuna siku kahawa zilikuwa zimejipanga ukutani kama bidhaa, muuza kahawa anadai vikombe vyake, na Fundi anamwambia avute subira, vikombe vina kazi.

Tabia nyingine ilikuwa ulimi. Akikuta unyevu chini ya gari, anachovya kidole, anaonja, anatema. Alisema maji ya rejeta ni matamu, ya AC yana ladha ya vumbi. Nilipotaka kujaribu alinipiga kibao cha mkono. "Hiyo sumu, mwanangu."

"Mbona wewe unaonja?"

"Mimi nilishaharibika."

Sasa nifike kwenye lile gari, maana bila lile gari nisingekaa kuandika haya yote.

Kaka alikuwa dereva wa tajiri mmoja mwenye maduka Kariakoo. Gari jeusi, kubwa, lenye supachaja. Kwa asiyejua, na mimi nilikuwa sijui: supachaja ni kama feni ya chuma, inazungushwa na injini yenyewe, inaisukumia injini hewa kwa nguvu ili gari liwe na mbio. Hewa ikisukumwa hivyo inapata moto. Kwa hiyo chini yake kuna kitu wanaita intakula, kinapoza ile hewa kwa maji kabla haijaingia kwenye injini. Maji yake ni ya peke yake, hayachanganyiki na ya rejeta kubwa. Yana kitanki chake kidogo.

Maji ya kitanki hicho ndo yalikuwa yanapotea. Leo kimejaa, keshokutwa kipo nusu. Chini ya gari pakavu. Moshi hamna. Gari linaendeshwa vizuri tu, linangurumia watu barabarani, na maji yanaisha.

Tajiri alikuwa na jibu lake tayari. Alisema Kaka analikimbiza gari usiku na marafiki zake, analichemsha, halafu asubuhi anakuja na sura ya upole. "Gari linalotunzwa halinywi maji," alimwambia mbele ya wauzaji wake. Kaka, ambaye akiendesha anapita kwenye tuta kama amebeba mayai.

Akalileta kwa Fundi. Fundi alifunga pampu ya baiskeli yenye mshale wa presha kwenye kitanki, akajaza presha, akapaka povu la sabuni kwenye mipira yote. Hamna kiputo hata kimoja. Akatandika maboksi chini ya gari usiku kucha. Asubuhi maboksi makavu. Akaiacha presha mpaka siku ya pili, mshale haujasogea. Akaonja kila kona. Akazunguka lile gari kama mtu aliyesahau kaliegesha wapi.

Kaka akaja akachuchumaa karibu yake. Nilikuwa dirishani, nilisikia kila neno.

"Fundi, sema chochote. Tajiri anataka jina la kitu. Nikienda mikono mitupu ananifukuza."

"Sijaona."

"Fundi, mimi nina mdogo wangu pale ndani."

Fundi akanitazama. Akamtazama Kaka muda mrefu, kama anatafuta kitu usoni kwake. Akafuta mikono. "Mwambie mfuniko wa kitanki. Mfuniko umechoka, unatoa mvuke."

Hiyo ndo mara pekee niliyomsikia akitaja ugonjwa ambao hakuuona, na mimi nilifurahi mno. Mfuniko mpya ukanunuliwa. Haikupita wiki maji yakapungua tena.

Tajiri safari hii hakupiga kelele. Alimwambia Kaka, "Nione leseni yako." Kaka akaitoa. Tajiri akaiweka mfukoni. "Utaichukua siku ukiniambia ulilifanyia nini gari langu." Gari akaliacha uani kwa Fundi, akaondoka.

Mtu ambaye hajaishi na dereva asiye na leseni hajui. Kaka alikuwa hawezi kwenda kwa tajiri mwingine, hawezi kushika hata gari la deiwaka, kibarua cha siku moja. Kwenda kushtaki aliogopa, kwamba tajiri atasema ameharibiwa gari, na fundi mzima ameshindwa kusema vingine. Alikuwa anakaa kitandani ameelekea ukutani. Mimi nakaa kwenye kiti naelekea dirishani. Nje kuna gari jeusi limeziba mwanga wote. Ukitaka kupita kwenda chooni, lazima mgusane nalo. Nililichukia lile gari kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Na nilimchukia Fundi pia, maana sasa alirudi kwenye neno lake na hakubanduka.

"Fundi, si useme tu ni ubovu wa kiwandani! Tajiri atajuaje?"

"Sijaona."

"Mara ya kwanza mbona ulisema?"

"Ndiyo. Umeipenda faida yake?"

"We unataka kaka yangu afe humu ndani!"

"Funga dirisha, moshi unaingia."

Nikalifunga kwa kishindo mpaka kioo kikapata ufa. Siku hizo sikumwamkia. Nilikuwa napita mbele yake kimya, na yeye ananitazama tu, vikombe vinaongezeka ukutani.

Mambo yaligeuka kwa swali la kijinga. Fundi aligonga mlango wetu, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akasimama na tambara lake mkononi. Akamwambia Kaka, "Hebu nieleze siku ya tajiri. Siyo ya gari. Ya tajiri."

Kaka akaeleza bila kugeuka. Kwamba asubuhi anamchukua, wanaingia Kariakoo, tajiri anashuka kwenye duka la kwanza, na yeye anabaki kwenye gari pembeni ya barabara. Tajiri hataki kurudi akute gari la moto, kwa hiyo injini haizimwi, AC haizimwi. Anakaa hivyo mpaka tajiri amalize hesabu na maongezi. Kisha wanasogea duka la pili, ni mtaa wa nyuma tu, anakaa tena. Na foleni ya jioni juu yake.

"Kwa hiyo hili gari halikimbii?"

"Likimbilie wapi, Fundi? Kariakoo hii?"

Fundi akajipiga paji la uso na lile tambara, likamwachia oili. "Mi nimelipima baridi, limezimwa. Pumbavu zangu. Kesho tunaliwekea foleni."

Na kweli tuliliwekea foleni. Kwanza akamwaga yale maji ya kijani ya kitanki kidogo, akaweka ya rangi nyekundu, ili yakitokea popote yajulikane ni ya huko na siyo ya rejeta kubwa. Akawasha injini, akafunga boneti, akawasha AC mpaka mwisho, akaliacha lisimame. Hakuna kukanyaga mafuta. Kaka akawekwa kwenye usukani, akae kama anamsubiri tajiri. Uani pakawa jiko. Saa zinaenda, joto linapanda ukutani, mimi dirishani najipepea na kava la daftari.

Baa akatoka kibarazani kwake juu. "Fundi! Hizi nguo nimefua kwa sabuni au kwa moshi?"

"Vumilia Baa, tupo kwenye foleni!"

"Foleni gani uani?"

"Ya Kariakoo!"

Adhuhuri imeshapita ndo akazima. Hakungoja lipoe. Akafungua plagi moja baada ya nyingine, vidole vinaungua, anavipuliza. Nyingine zote zilikuwa na weusi wa kawaida. Moja ilikuwa nyeupe, safi, kama imetoka kuoshwa. Akaishika juu kwenye kile kipande cha mwanga tulichonacho.

"Mvuke umeiosha hii," akasema.

Kisha akachomoa sensa pembeni ya intakula, akaingiza ile kamera ya mrija wanayouza mtaani, akaunganisha na simu yangu maana ya kwake kioo kimepasuka. Tukainama watatu, vichwa vimegusana. Ndani kulikuwa giza na chuma. Halafu, kwenye kona, tone. Jekundu. Likakua, likateleza, likatokea lingine.

Fundi akatueleza taratibu. Gari likisimama huku linaunguruma, injini inavuta hewa ndani kwa nguvu, kama mtu anayefyonza juisi kwa mrija. Intakula ina ufa mwembamba kama unywele, ukiwa baridi unajifunga, ndo maana pampu haikuona kitu. Ukishika moto wa kusimama muda mrefu unafunguka, injini inafyonza maji kidogo kidogo, inayachoma, yanatoka kama hewa. Na siku yakijaa kwenye silinda, gari likiwashwa injini inavunjika, kwa sababu maji hayabanwi.

"Kwa hiyo siyo mbio," Kaka akasema.

"Mbio zipi? Linakufa limesimama."

Akaenda ukutani akachukua kahawa ya karibu, akainywa yote, akafanya sura mbaya.

Tajiri aliitwa. Akaja kwa miguu, akipenya kati ya meza za mitandio huku kitambi chake kinabeba nguo za watu na Mama Mitandio anapiga kelele. Fundi alishalijaza maji tena, akalirudishia vitu vyake. Akamfungulia mlango wa mbele.

"Kaa."

"Nikae nini? Niambie tatizo."

"Ukitaka kuona, kaa mpaka lipate moto. Ukiondoka, hujaona."

Nadhani alikaa kwa sababu alitaka kumkamata mtu. Alikaa kwenye kiti cha dereva, AC inampiga, simu yake ameisahau dukani. Akaangalia ukuta. Akaangalia ukuta mwingine. Akashusha kioo, moshi ukaingia, akapandisha. Kaka alikuwa amesimama pale pale mbele yake. Mpaka jua linahama ukutani, tajiri alikuwa ameshalegeza vifungo vya shati.

Fundi akazima, akaingiza kamera tena, na tajiri akaoneshwa tone jekundu kwenye simu yangu.

"Hii inatokea wakati gani?"

"Wakati limeachwa linaunguruma, limesimama."

"Kwa hiyo unasema ni mimi?"

"Nasema ni ufa," Fundi akamjibu. "Tazama tena ukitaka."

Hakutazama tena. Akatoa leseni kwenye mfuko wa shati, imelowa jasho, akampa Kaka. "Kesho uje kazini."

Kaka akaifuta kwenye suruali, akaisoma jina, kama anahakikisha ni yake. "Nashukuru, tajiri. Tafuta dereva mwingine." Akaingia uchochoroni ubavuubavu, nikamsikia akimwomba radhi Mama Mitandio kwa kukanyaga kanga.

Tulihama baada ya hapo. Kaka akapata lori la Tunduma, mimi nikapata kazi duka la vifaa vya simu, na chumba chenye madirisha mawili huko Buguruni. Sikurudi Mchafukoge kumuaga Fundi. Nilijiambia nina haraka.

Nimemwona mwezi uliopita, Mnazi Mmoja. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa uwanja, shati safi, hana kazi mkononi. Nje ya uani anaonekana mdogo. Aliniambia ua umeuzwa, ghorofa la nne linapanda, na yeye sasa anakuja kukaa pale kwa sababu nyumbani wajukuu wana kelele.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. We ndo wa dirishani."

"Ndo mimi."

"Kaka yako anaendesha?"

"Lori la Tunduma."

"Leseni anayo?"

"Anayo."

Akaitikia kwa kichwa, akawatazama watu wanaokatiza uwanjani. Halafu akasema, bila mimi kuuliza, "Yule tajiri alikuwa ananipigia simu kila siku, ananiambia: Sema ni dereva, basi. Sema kaliendesha bila maji. Nakuletea magari yangu yote, na ya ndugu zangu."

Nikakaa chini. "Lini?"

"Siku zile zile unanifokea."

"Ukamjibu nini?"

"Nilivyokuwa nakujibu wewe. Sijaona."

Nikawaza zile siku zote, mimi dirishani natoa povu, yeye kwenye simu na tajiri, anavutwa huku na huku. Nikamwambia, "Kwa hiyo ulikuwa unajua Kaka hana kosa."

Akageuka kunitazama, ameshangaa kweli.

"Nani kakwambia? Mi nilikuwa nadhani ni yeye."

"Ulikuwa unadhani ni Kaka?"

"Sana tu. Kijana, gari la mbio, maji yanaisha. Ungekuwa wewe ungedhani nini? Ila nilikuwa sijaona."

Alisema hivyo kama anakutajia bei ya nyanya. Nilitaka kumkasirikia, nikakosa pa kuanzia. Tukakaa. Akaniambia zamani aliwahi kukimbia marathoni. Nikamwambia hongera.

Jioni Kaka akapiga kutoka njiani, nasikia lori nyuma yake. Nikamwambia nimemwona Fundi.

"Mzee wangu yule!" Kaka akacheka kwa furaha. "Bongo nzima, yule ndo mtu pekee aliyeniamini."

"Ndiyo," nikamwambia. "Kakusalimia."